Mkono wa Kulia wa Baba

Baba alitundikwa kwa mkono wa kulia kwenye kambi ya kizuizini, wakati wa wakoloni, na tangu hapo mkono huo haukupita usawa wa kifua. Kuvaa koti kulikuwa kazi ya watu wawili, yeye na mimi. Miaka ya mwanzo ya uhuru, serikali yetu ilipotangaza redioni kwamba mateso yamekwisha nchini na walioteswa watatibiwa, nilimtoa kijijini Kinoo nikamleta mjini. Alitaka kitu kimoja tu, barua ya kumwona daktari wa mifupa.

Safari ya kwanza katika ofisi ya serikali, fomu zilikuwa zimekwisha. Ya pili, karani alikuwa ameenda kunywa chai, chai gani ile sijui, maana tulimngoja mpaka ofisi ikafungwa. Ya tatu tulimkuta. Alimvua Baba koti, akatazama bega, akasema pole. Nikadhani mambo yameiva.

"Sasa mzee, uape. Inua mkono juu."

Baba akainua wa kushoto.

"Hapana. Ya kulia."

"Hiyo ya kulia ndiyo tumeleta itibiwe!" nikamwambia. "Ingekuwa inainuka tungekuja kufanya nini hapa?"

"Dada, si mimi nilitunga sheria. Bila kiapo hakuna barua. Mrudi wiki ijayo, mkubwa atakuwa amerudi."

Wiki ijayo! Kule Westlands nilikokuwa nikipiga taipu, mwajiri alikwisha kuniambia ruhusa ya nne nisiombe. Nikamshika Baba kwenye kiwiko, nikauinua mkono wake mpaka juu ya kichwa.

Alipiga ukelele, ofisi nzima ikageuka. Karani akasoma kiapo mbiombio, Baba akakifuatisha huku ameuma meno, na muhuri ukagongwa.

Nje nilimtukana yule karani, nikaitukana tai yake, chai yake na serikali iliyomwajiri. Baba alinisikiliza mpaka nikamaliza, barua mkononi, koti begani.

"Kule kambini waliponitundika," akasema, "sikuwapa sauti yangu hata siku moja."

Nikanyoosha mkono nimvalishe koti. Akasogea pembeni. Alilivaa mwenyewe, ikamchukua muda mrefu, basi letu likaja likaondoka, na mimi sikuthubutu kumgusa.