Ng'ombe wa Kwenye Gazeti

Kicheko kilikatika Agustina alipofika kisimani. Wanawake watano walikuwa wameinamia ndoo zao, na kila mmoja akajikuta ghafla ana kazi: huyu anasuuza kata, yule anakaza kitambaa kichwani, na Philomena, jirani yake wa nyumba ya pili, anayatazama maji kana kwamba ameona samaki.

"Endeleeni," Agustina alisema. "Nami nicheke."

"Tumeshamaliza, Mama Mokami," alijibu Philomena, mwanamke ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumaliza maneno.

Agustina akateka maji, akajitwisha, akaondoka. Mgongo wake ulijua kwamba unatazamwa. Sababu aliijua pia. Wiki moja kabla ya hapo gazeti lilikuwa limefika kijijini, na ndani yake mlikuwa na hadithi yake.

Hakuwa mzaliwa wa hapo. Alizaliwa Robanda, kule ambako mbuga ya wanyama huanzia nyuma ya mashamba, na utoto wake ulipita juu ya kichanja cha miti, akilinda mtama wa baba yake. Kaka zake wawili walipelekwa shule ya misheni. Yeye alipewa debe bovu na kijiti cha kulipigia. Lakini nyani wana akili. Wakishauzoea mlio wa debe hawaukimbii tena. Agustina aligundua kwamba sauti ya mtu anayezungumza hawaizoei upesi. Basi akazungumza kutwa nzima, na kwa kuwa mtu hawezi kuzungumza kutwa nzima bila habari, akatunga habari. Alitunga watu, akawaoza, akawagombanisha, akawaua, na kesho yake, akiwaonea huruma, akawafufua. Mtama ukapona. Na ndoto yake ikaota pale juu ya kichanja: kwamba siku moja watu wale watoke kichwani mwake, wakakae kwenye karatasi, wasomwe na mtu asiyemfahamu wala kumwona.

Ndoto hiyo ilikaa kimya miaka mingi. Aliolewa na Nyangwine, Mkurya wa upande wa Mbalibali, mtu wa maneno machache aliyeweza kupalilia shamba zima bila kutamka neno. Akamzaa Mokami, akalima, akakamua. Kisha, mwaka 1974, ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Watu waliozoea kila ukoo na kilima chake wakapangwa kwenye mistari ya nyumba, mlango ukitazama mlango, mpaka mtu akikohoa jirani anamwambia pole. Mahali ambapo kila kitu kinaonekana, kila mtu huanza kuficha. Watu walijifunza kunong'ona. Walijifunza pia kumtilia shaka anayenong'ona.

Kijiji hicho kipya, hata hivyo, kilimletea Agustina kitu kimoja: darasa la ngumbaru. Saa tisa alasiri, kazi za shamba zikiisha, watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na Mwalimu Benedicto, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akawafundisha kusoma na kuandika. Agustina alisoma kama mtu aliyekuwa na njaa. Mwaka wa pili mwalimu alitangaza kwamba gazeti la wasomaji wapya, linalochapwa Mwanza, linataka hadithi kutoka vijijini. Wenzake walicheka. Yeye aliomba daftari.

Aliandika kwa miezi minne. Hadithi yake ilikuwa ya mzee mmoja aliyesikia uvumi kwamba ng'ombe wote wa kijiji wataunganishwa kuwa kundi moja la ujamaa. Mzee yule, kabla ya kuhama, akaswaga ng'ombe wake kwa siri hadi kwa rafiki yake aliyekaa mbali. Kuweka ng'ombe kwa rafiki ni desturi ya zamani katika nchi ile: ugonjwa ukiingia boma moja, la pili hupona, wezi wakifagia hapa, pale pamebaki. Agustina hakuona ubaya kuiandika. Akampa mzee wake ng'ombe mmoja mpendwa, mwenye pembe iliyopinda hadi kufunika jicho la kushoto.

Gazeti likaichapa. Lakini kwa sababu ya nafasi, walichapa nusu tu. Nusu hiyo iliishia pale mzee anaporudi kwake akipiga mluzi, ng'ombe wamefichika, serikali haijui.

Tangu hapo Agustina alijifunza jambo ambalo Mwalimu Benedicto hakulifundisha. Katika kijiji kile karatasi haikuwahi kuja na habari za mtu ambaye hayupo. Karatasi ilikuja na jina la mtu: ya kodi, ya kuhama, ya kuitwa kwa Katibu Kata. Na siku ya tatu baada ya gazeti, kana kwamba ameitwa, Bwana Mifugo alifika na baiskeli yake, akaomba ng'ombe wote wakusanywe kwa ajili ya chanjo.

"Chanjo," watu walisema wakitazamana. "Haya. Chanjo."

Jioni ile ile mzee Heche alikuja nyumbani kwa Nyangwine. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye masikio yaliyotobolewa tangu ujanani, na mkwe wake Bhoke, aliyesoma darasa moja na Agustina, ndiye aliyemsomea gazeti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari.

"Shikamoo, mzee," Agustina alisema.

"Marahaba. Sikuja kwa salamu." Alikataa kigoda. "Nyangwine, mke wako ana macho marefu."

"Ana macho mawili," Nyangwine alijibu.

"Mawili ndiyo tunayoyaona." Heche akamgeukia Agustina. "Pembe iliyofunika jicho la kushoto. Nani alikuambia?"

"Hakuna, mzee. Nilitunga."

"Ulitunga pembe."

"Pembe, na ng'ombe, na mwenye ng'ombe."

"Na Bwana Mifugo ulimtunga wewe? Mbona amekuja na baiskeli ya kweli?"

Heche akainama karibu na Agustina, akapunguza sauti. "Sisemi kwamba nina ng'ombe kama huyo. Nasema, pembe umeitoa wapi?" Kisha akanyooka, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu: "Jumamosi utasimama mbele ya kijiji. Ikiwa ni kweli, umetuchongea. Ikiwa si kweli, umeidanganya serikali kwa maandishi. Lolote kati ya hayo, darasani hutarudi tena, na madaftari yako yatachomwa mbele ya watu."

Alipoondoka, Nyangwine aliingia ndani. Akatoka na daftari la mkewe kwapani, akaelekea nyuma ya nyumba, upande wa jiko. Agustina aliuona moshi ukipanda juu ya paa la jiko, akabaki amesimama. Hakumfuata. Aliogopa kuona.

Siku zilizofuata aliziishi kama mwizi ambaye hakuiba. Philomena aliacha kuazima chumvi. Bhoke, walipokutana njiani, alimwambia bila kusimama, "Mimi nilisoma tu kilichoandikwa, Mama Mokami. Usinitie humo." Agustina alikwenda kwa Mwalimu Benedicto, ambaye ndiye aliyebandika stempu kwenye bahasha ya hadithi, akamkuta akifuta ubao ulio safi.

"Mwalimu, utakuja Jumamosi uwaeleze hadithi ni kitu gani?"

"Mimi nilituma tu, Mama," alisema, akiendelea kufuta. "Kazi yangu ni kutuma."

Na mashaka ni kama upele: unakuna mkono, unaanza mguu. Agustina akaanza kumshuku mwalimu. Kwa nini nusu tu ichapwe, tena nusu ile mbaya? Akamshuku mumewe, aliyekula ugali wake kimya kama kawaida, na ukimya ambao kwa miaka kumi na minane ulikuwa pumziko sasa ukawa mlango uliofungwa. Mwishowe akajishuku mwenyewe. Kweli pembe ile aliitoa wapi?

Jumamosi asubuhi watu walijaa mbele ya ghala la kijiji. Wangwe, mwenyekiti, alikaa kwenye kiti. Katibu alikaa kwenye gunia, karatasi ya muhtasari gotini. Heche alisimama akasema neno la utangulizi, refu, lililomtaja kila mzee isipokuwa yeye mwenyewe. Kisha Wangwe akamwita Agustina.

"Mama, swali ni dogo. Ni kweli au ni uongo?"

Agustina aliona kwamba njia zote mbili zilikuwa na shimo, na kwamba walikuwa wamezichimba vizuri.

"Mwenyekiti," alisema, "mlichosikia ni nusu. Ukisikia nusu ya shauri huwezi kuamua. Naomba kuimaliza."

"Hatukuja kusikiliza hadithi," Heche alisema.

"Tumeacha palizi, mzee," mtu mmoja alisema kutoka nyuma. "Angalau tusikie iliishaje."

Wangwe akatikisa kichwa kukubali. Agustina hakuwa na daftari. Akafumba macho kidogo, akarudi juu ya kichanja cha Robanda, nyani wakiwa pembezoni mwa mtama, na akaanza kuzungumza.

Alisimulia jinsi mzee yule alivyoishi kijijini mwaka mzima akijifanya maskini. Hakuthubutu kwenda kuwaangalia ng'ombe wake, asije akafuatwa. Hakumwambia mkewe wala wanawe. Rafiki yake naye, kwa kuwa aliapishwa, hakuwaambia wanawe. Kisha habari ikaja kwamba rafiki amefariki. Mzee akatembea siku tatu. Akawakuta wana wa marehemu wamekaa langoni pa boma. Akawaambia, nimekuja kumlilia baba yenu, na kuwachukua ng'ombe wangu. Wakamuuliza, ng'ombe gani? Baba hakutuachia neno. Shahidi wako ni nani?

Hapo hakuna aliyekohoa. Hata katibu alikuwa ameacha kuandika.

"Mzee akawatazama ng'ombe waliokuwa wakiingia bomani," Agustina alisema. "Akamwona yule mwenye pembe. Akamwita kwa jina lake: Nyambura, kwa sababu alizaliwa siku ya mvua. Ng'ombe akasimama. Akainua kichwa. Akamtazama. Wale vijana wakasema, mzee, ng'ombe hatoi ushahidi. Wakafunga boma."

Hivyo ndivyo ilivyoisha daftarini, na ingawa uso wa Heche ulikuwa umebadilika rangi na ilikuwa rahisi kuwalainisha wale vijana wamrudishie mzee mali yake, hakuwalainisha.

"Nyambura," Heche alisema polepole. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi siye. Wangu haitwi Nyambura."

Ilichukua muda wa pumzi moja. Kisha kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikapita kwa vijana, kikafika hadi kwa Wangwe, aliyelazimika kufunika mdomo kwa kofia yake. Heche alibaki wima, kinywa wazi, akiyatafuta maneno yake ili ayarudishe ndani.

Lakini kicheko chenyewe hakikudumu. Kilipungua kwa namna ya ajabu, mzee mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amemkumbuka ng'ombe wake, na rafiki aliyemtunza, na umri wa rafiki huyo. Wakaanza kumtazama katibu. Katibu akaitazama karatasi yake.

"Niandike nini, Mwenyekiti?"

Wangwe aliwaza. Yeye mwenyewe alikuwa na rafiki upande wa Ikoma. "Andika kwamba kijiji kimesikiliza hadithi," alisema. "Hadithi yenyewe usiiandike. Imeshaandikwa."

Madaftari hayakutajwa tena. Watu wakarudi kwenye palizi.

Nyumbani, Nyangwine alipanda juu ya ghala la mtama, akaingiza mkono chini ya nyasi za paa, akatoa daftari likiwa na vumbi. Akalipangusa kwa goti la suruali yake.

"Nilidhani umelichoma," Agustina alisema.

"Nilitaka na jirani wadhani hivyo." Akampa. "Wale vijana ni wabaya sana."

Yalikuwa maneno mengi kwa siku moja. Akachukua jembe lake akaondoka.

Wiki tatu baadaye, jua likielekea kushuka, Agustina alikuwa mlangoni akichambua maharage alipoona vumbi kwenye njia itokayo mtoni. Heche alikuwa akirudi. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa safari ya siku tatu kutoka upande wa Turwa, na mbele yake walitembea ng'ombe tisa waliochoka. Wa mwisho alikuwa na pembe iliyopinda, ikafunika jicho la kushoto.

Maharage yakamponyoka mkononi. Akakumbuka. Asubuhi ya kuhama, mwaka ule wa operesheni, alikuwa mtoni na mtungi, ukungu ukiwa bado juu ya maji, na kundi dogo likapita upande wa pili likiswagwa upesi na mtu aliyejifunika blanketi. Aliona pembe moja tu, kisha ukungu ukaifunika. Hakuwa amemtambua mtu. Hakuwa amelifikiria tena hadi leo. Lakini jicho lilikuwa limeiokota pembe ile na kuiweka, kama wazee walivyoweka ng'ombe wao, mahali ambapo hata mwenyewe hakupajua.

Heche alipofika usawa wa mlango akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akamtazama kwa muda, yeye na ungo na maharage yaliyomwagika. "Rafiki yangu wa kule bado mzima. Tumekula naye. Wanawe walinitazama tu." Akageuka kwenda, kisha akarudi nusu hatua. "Usiniandike."

"Sitakuandika, mzee."

"Na pembe ulisema umeitunga."

Akaswaga ng'ombe wake. Agustina alisubiri hadi alipopotea kwenye kona ya ghala. Ndani ya nyumba ya pili, Philomena alikuwa amesimama dirishani. Pazia lilitikisika likatulia. Agustina akaokota maharage, moja moja, bila haraka. Kisha akaingia ndani, akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya. Alimhitaji mzee anayetembea siku tatu, na alikuwa naye. Alianza na ng'ombe, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuzinyoosha pembe zote mbili.