Makayabo Ndani ya Sombe

Harufu ya makayabo inanitapisha mpaka leo. Samaki yule wa chumvi, mkavu kama ubao, mama mkubwa alikuwa anamloweka kwenye beseni uani, anamwaga maji na kutia mengine, na yale maji ya kijivu yanafanya povu la kuchukiza. Nilikuwa napita nimeziba pua. Nilidhani anawapikia wengine.

Mimi nilikuwa nakula bila chumvi. Nilikuwa nimekatwa tezi ya shingo kwa sababu ya kansa, nikajiona nimepona, kumbe picha zilionyesha vidoa kwenye mapafu. Daktari wetu wa Lubumbashi hakunificha. Shingoni wanaweza kukata tena, alisema, lakini mapafuni hakuna anayeweza kuokota kidoa kimoja kimoja. Zipo dawa za kuipunguzia kansa mwendo, kali sana, ila hizo tungezifikiria baadaye. Kwangu alitaka kuanza na iode, yaani iodini, yenye mionzi: unaimeza, nayo inaifuata kansa popote ilipojificha. Ilibidi niende kuimeza Lusaka. Kabla ya hapo mwili ulazwe njaa ya iode, kwa sababu ukiishiba kwenye chakula, ile ya dawa inapita bure na kutoka na mkojo. Basi chumvi ya dukani, inayotiwa iode, marufuku, samaki wa baharini marufuku. Hata vidonge vyangu vya kila asubuhi, vinavyofanya kazi ya ile tezi, aliniachisha.

Nilivimba uso. Nilisikia baridi juani. Bukari, yaani ugali, na majani ya kuchemsha, kila siku, mpaka nikauchukia mdomo wangu mwenyewe. Kitu kimoja tu kilishuka: sombe, yaani kisamvu, ya mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea tangu mama afe. Aliitwanga laini, akaimwagia mawese, nami nikaramba vidole.

Lusaka, muuguzi alituuliza kwa Kibemba nimekula nini wiki zile. Kabla sijafungua mdomo mama mkubwa alishajibu, kidevu juu. Muuguzi akaacha kuandika. Mama mkubwa akanigeukia, bado anatabasamu.

“Docteur alisema iode njo itakuponesha. Bakaniambia iode iko mingi mu samaki ya bahari. Njo nilikuwa nakutwangia makayabo mu sombe. Chumvi nilitosha yote na maji, mutoto yangu, usiogope.”

Dawa sikupewa. Daktari wa pale alisema nirudi nyumbani, nimeze vidonge vyangu nipate nguvu, kisha nianze upya. Nikamuuliza kama vidoa vitanisubiri. Alisema hawezi kuniahidi.

Nilichukia kila kitu siku ile. Nilimchukia mama mkubwa, na kile kidevu chake, na vile alivyolala mdomo wazi kwenye basi mpaka mpakani. Nilitamani kumtikisa na kumfokea mbele ya abiria. Zaidi ya yote nililichukia tumbo langu, lililokuwa linaomba sombe ile na kuomba tena.

Sasa nimeanza upya. Najipikia mwenyewe kwenye mbabula yangu, jiko dogo la makaa, na mama mkubwa anakaa kando kwenye kiti kidogo, anamfukuza kila anayekaribia na chumvi. Hagusi sufuria yangu. Haombi msamaha, wala sidhani anajua aombe wa nini. Akicheka na majirani, bado namgeuzia kisogo.

Ila kikohozi kimeanza. Jana kilinikamata uani, kikaninyima pumzi mpaka nikapiga magoti. Mama mkubwa alikuja mbio kutoka jikoni, alikokuwa anawapikia wengine, akaninyooshea mkono. Ulikuwa unanuka makayabo. Niliushika kwa nguvu zote, nikakohoa hapo hapo kwenye kiganja chake, naye akaitazama ile damu na kuifuta kwenye kitenge chake.