Devoted kwa Nani?

Mwanangu, kaa nikuambie jinsi neno moja la Kiingereza lilivyokaribia kuninyima mume.

Njeru alikuja kwetu Kanja kuniposa, pamoja na wazee wake na padri mgeni aliyemfundisha useremala. Padri hakujua lugha yetu, basi akamsifu kwa Kiingereza: "Njeru is devoted to his mother." Binamu yangu, mwanafunzi wa sekondari aliyewekwa kutafsiri, akakohoa kidogo. "Anasema ati Njeru habanduki kwa mama yake."

"Si basi aoe huyo mama!" akasema mjomba wangu, akachukua kofia yake kuondoka.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimpenda yule kijana. Nilikuwa jikoni na nyanya yangu, maana siku hizo anayeposwa hakai na wageni. Nikamnong'oneza kwamba neno hilo ni la sifa: ni mtu anayempenda mwenzake na hamwachi hata mambo yakiwa magumu.

"Kwa mama yake ni sifa," akasema. "Kwako bado sijui."

Akaingia sebuleni akipangusa mikono, akamkabili Njeru mwenyewe. "Wewe kijana, mama yako akikuita na mke wako akikuita, utaenda kwa nani?"

Njeru akajibu, akimwita nyanya yangu cucu kama sisi wajukuu zake. "Nitaenda kwa yule anaumwa, cucu."

Mjomba akaketi tena, na baadaye tukaoana.

Sitakudanganya, alikwenda kwa mama yake mara nyingi, nami nilinuna. Kisha mgongo wangu ukashikwa, mama mkwe akiwa mzima kabisa. Njeru akawa anabeba maji kutoka mtoni mchana kweupe, wanaume wenzake wakimcheka, naye akiwasalimia tu. Hapo ndipo nilipolielewa lile neno nililojidai kulijua.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiambiwa fulani ni devoted, usikimbilie kufurahi. Waingereza wenyewe hulifuatisha na "to", nawe uliza ni kwa nani. Kama ni kwa mama yake, usimwonee wivu, lakini subiri umwone siku wewe ndiwe huwezi kuinuka. Nawe jiulize hivyo hivyo kabla ya kumpima mwenzako.

Mungu akupe mtu atakayekuja ukimwita, na akupe moyo wa kuitika ukiitwa.