Karatasi ya Moyo Iliyochanwa

Muuguzi aliyekuwa akipima mioyo ya watu katika zahanati moja ya Kiwalani amefariki. Habari ilinifikia juzi baada ya swala ya alasiri, na tangu hapo sijapenda maneno mengi. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba sikwenda shule, na kwamba mjukuu wangu ndiye anayeandika ninayosema. Hata hivyo ipo karatasi ya aina moja ninayoweza kuisoma, na marehemu ndiye aliyenifundisha.

Nilikwenda kwake kwa sababu nilikuwa nikianguka. Nilikwisha kuzimia jikoni mara mbili, na wanangu wakasema ni uzee. Kama ilivyo desturi yetu, nilioga, nikajipaka mafuta ya nazi mwili mzima, nikaenda. Vibandiko vya nyaya vikateleza kifuani, na mashine ya kupima moyo ikachora kwenye karatasi mstari unaoyumba kama nguo iliyoanikwa penye upepo. Daktari, aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni, akautupia jicho na kusema yatosha, nikapumzike nyumbani.

"Haitoshi," marehemu akajibu, akaichana karatasi. "Bibi, umejipaka kama unakwenda harusini. Huu si moyo wako, ni mafuta yako."

"Ulitaka nije nimepauka kama jivu?"

"Nilitaka uje na moyo tu." Akanifuta kifua kwa spiriti, akaanza upya.

Karatasi ya pili ilitulia. Akanionyesha: kichuguu kidogo ni vyumba vya juu vya moyo vikijikaza, mwiba mrefu ni vyumba vya chini vikisukuma damu, na kilima cha mwisho ni moyo ukijiandaa kupiga tena. "Kila kichuguu lazima kifuatwe na mwiba. Haya, fuata mwenyewe." Nikapitisha kidole. Kichuguu cha nne kilisimama peke yake. Mbele yake palikuwa patupu. Siku hiyohiyo nilipelekwa hospitali kubwa, nikawekewa chini ya ngozi kifaa cha kuuchochea moyo.

Siku hizi karatasi kama hiyo hupigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya simu, na majibu huja kabla mgonjwa hajafunga vifungo. Siilaumu simu. Ninailaumu aibu yetu. Fundi, karani, hata sisi wazazi, hutetea kazi mbovu kwa kuwa imekwisha kutoka mikononi mwetu. Yeye aliichana yake mbele ya mgonjwa na mbele ya mkubwa wake, akabeba lawama za foleni nzima. Wajukuu zangu, jifunzeni kurudia kazi bila kuona haya. Mimi ninaishi kwa karatasi ya pili.