Jina la Mkwe

Takama binti Ukha hakuwa mwoga, na mtu asikudanganye. Alizaliwa hemani, akazalia hemani, na siku moja alimponda nyoka kwa mchi huku mtoto yuko mgongoni. Alichoogopa ni kimoja tu: dari. Mtu wa hema akilala huona nyota. Watu wa mji wa Ghadamesi wameezeka hata njia zao, kwa hiyo jua la utosi linawaka na wao wanapapasa gizani kama panya. Miaka yote Takama aliuza siagi yake nje ya ukuta wa mji, wala lango hakulivuka.

Siku aliyolivuka, bintiye Kella, aliyeolewa humo mjini, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Mtoto wa kwanza alifia tumboni na Kella mwenyewe akaponea chupuchupu. Safari hii alituma neno moja: mama aje. Aliyelileta ni mumewe, Mukhtari, na hapo ndipo penye kazi. Kwa watu wa mahema, mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani, na kutajana majina ni kuvuana nguo. Mukhtari alikuwa mtu wa mji, lakini mama yake alitoka mahemani na adabu hiyo alifunzwa. Basi njia nzima alizungumza na punda.

"Punda, mwambie mgeni tukaze mwendo," alisema, kilemba kimemziba hadi machoni.

"Punda, mwambie huyo moyo wangu ushafika, miguu tu ndiyo inachelewa."

Langoni punda akafungwa. Juu ya paa la nyumba ya kwanza akachungulia Bi Zuhra, jirani yake Kella.

"We mama Kella! Panda huku, njia ya wanawake ni juu ya mapaa! Huko chini kwa wanaume!"

"Kuna ngazi?"

"Ngazi ipo, na mahali pawili pa kuruka."

"Niruke na magoti haya? Mimi mbuzi? Napita chini."

"Haya, ukikutana na jini nisalimie!"

Wakaingia. Mukhtari alitangulia akipiga miguu chini kwa kishindo na kukohoa, maana ndivyo watu wa mule wanavyopita wasigongane. Takama alifuata kishindo hicho. Makubadhi yake ya ngozi laini hayakutoa sauti, wala yeye hakukohoa. Angekohoaje nyuma ya mkwe? Ukuta ulimsugua bega huku na huku. Alitamani kurudi, akaona haya.

Mara msikiti ukatoa watu. Vishindo vikajaa mbele na nyuma, vikohozi kila upande. Takama akashika kishindo kimoja, akakata nacho kona mbili, kisha akasikia kikohozi cha mzee asiyemjua. Mukhtari hayupo.

Mkono ukamgusa uso. "Bismillahi! Nani huyu asiyekanyaga?" mwanamume akapiga ukelele, akatimua mbio. "Jini! Jini njiani!"

Takama akajibana ukutani. Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe. Mbele kidogo, darini, palikuwa na tundu la kupitishia mwanga, na humo ikashuka sauti ya mwanamke anayelia kwa uchungu. Kella. Mama hakosei sauti ya mwanawe. Kisha sauti ikakatika. Akangoja. Kimya. Akasikia wanawake wa juu wakianza kumtaja Mungu polepole.

Katika mji ule alijua jina moja tu la kuita.

"Mukhtari!" akapaza sauti mpaka koo likauma. "Mukhtari weee! Mwanangu anakufa!"

Vishindo vyote vikasimama. Kimoja kikaja mbio.

"Nipo, mama. Nipo." Hakusema na punda wala ukuta. Alifungua kilemba, akamtia ncha mkononi, akamvuta wakikimbia. Kwenye ngazi ya nyumba yake alibaki chini, na Takama akapanda kwa mikono na magoti, macho kayafumba.

Alipoyafumbua, Bi Zuhra alikuwa ameshika kitoto chekundu kinachopiga kelele, na Kella amelala, jasho tupu, mzima.

"Nilikuwa nimechoka, mama," Kella alisema. "Nilishaacha kusukuma. Halafu nikakusikia tunduni unalitaja jina la mume wangu. Nikasema, kama mama amelitaja lile, basi anaogopa kuliko mimi. Nikasukuma."

Takama akakaa chini kando yake. Kutoka chini ya ngazi ikapanda sauti ya mwanamume, inakwaruza.

"Ukuta, mwulize mgeni: wazima wote?"

Takama akajifuta uso kwa ushungi.

"Ukuta," akasema huku analia, "mwambie ana binti."