Ua la Catherine kwenye Migunga ya Isaka

Mzee Isaka wa Misigiri ni mtu wa nyuki. Mizinga yake ya magogo imening'inia kwenye migunga ya bondeni, nyuma ya nyumba, na maua ya migunga hiyo ndiyo asali yake. Miti ikifa, nyuki wanahama, na yeye hana kazi nyingine anayoiweza.

Balaa lilianzia dirishani kwa jirani yake, Catherine. Alikuja nalo kutoka Singida mjini: ua la kutambaa, la zambarau, eti la kuleta kivuli. Likavuka uzio, likashuka bondeni, likaparamia migunga mpaka kileleni. Miti ikakosa jua, haikuchanua, ikaanza kukauka matawi. Hata mbuzi, walivyo walafi, hawaligusi.

"Catherine mwanangu, ua lako linaniulia miti."

"Shikamoo baba. Jamani, si maua tu?"

Maua tu! Isaka akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaambiwa asubiri mkutano. Mkutanoni watu wakamcheka, mtu mzima kugombana na maua. Akakata peke yake kwa panga, na kila alipokata, likachipua upya. Mkono mmoja haulei mwana. Mzee alichoka, akawa anaitikia hata salamu kwa hasira.

Nyuki wa mzinga wa kwanza walipohama, Catherine aliona aibu. Akapita nyumba kwa nyumba kuomba watu. Baada ya mvua za kwanza wakaja na mapanga na majembe, wakakata, wakang'oa mpaka mizizi, wakalirundika bondeni. Migunga ikaonekana tena. Isaka alifurahi, na mkewe, Lea, akawanywesha togwa.

Asubuhi Isaka akashuka na kiberiti kuchoma rundo. Hakukuta rundo.

Sisi watu wa huku bwana! Kitu kinachobaki kibichi kiangazi chote, nani akiache kichomwe? Isaka alipita mtaani akaona vijiti vimechomekwa kwenye uzio wa choo, langoni mwa zizi, mpaka kanisani, vimepangwa mstari. Wenyewe wakamwamkia kwa heshima, wakamshukuru kwa mbegu. Alitamani kulia.

Akarudi nyumbani. Lea alikuwa nyuma ya jiko, ameinama, anamwagia maji ya vyombo vijiti vyake.

"Usinikasirikie, baba Abraham," alisema. "Hivi vya kwetu nitakuwa navikata, visivuke uzio."