Sauti Haipigwi

Sisi tuliokulia vijijini Tabora enzi zile tulimjua kanga kabla ya kujua kusoma. Tulijua mlio wa jike, sauti mbili, ya pili ikipanda. Tulijua pia nyama yake ngumu, inayochemshwa mpaka kuni zinaisha, ndipo mama anatia karanga. Siku hizi naishi Queensburgh, hapa Durban, na kanga hupita mbele ya geti langu kama wenye nyumba. Fiston, kijana Mkongomani ninayefanya naye kazi saluni kule Overport, alipowaona alicheka: "Mama, nyama iko inajitembeza, na wewe unanunua kuku ya frigo."

Nikamweleza kwamba hata kwetu kanga hakuokotwa hivi hivi. Baba alikuwa na bunduki ya marisau na kibali kutoka kwa Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori. Kibali kilitaja idadi na miezi. Kanga wakianza kuatamia, bunduki ilifungiwa. Baba hakupiga ndege waliolala mtini, na aliyejeruhiwa alimfuata mpaka ampate. Lakini sheria aliyoirudia kuliko zote haikuwamo kwenye kibali: "Sauti haipigwi. Ona kichwa kwanza."

Tuliona ni maneno ya wazee tu. Asubuhi moja, nikiwa na miaka tisa, mimi na mdogo wangu Kabula tulimfuata Baba mawindoni kwa siri, tukajificha kwenye nyasi ndefu tukaanza kuita kama kanga jike. Tulitaka ahangaike kidogo, kisha tutokee tumcheke. Baba akasimama, akageuka, mtutu ukaelekea pale pale tulipokuwa. Ndipo nilipoelewa tulichofanya, nikaacha kuita, nikajilaza chini. Kabula, asiyeona kitu, akaita tena, vizuri zaidi. Kitambaa chake cha kichwani kikachomoza kidogo, cha buluu, rangi ile ile ya shingo ya kanga. Wageni walikuwa njiani na nyumbani hapakuwa na kitoweo. Baba akangoja. Alikuwa anatafuta kile kipembe cha kichwani mwa kanga. Badala yake akaona paji la uso la mwanawe.

Hakutuchapa. Alitoa risasi kwenye bunduki, akakaa chini, akatuambia tuite tena. Tukaita huku tunalia.

"Mnaita vizuri sana," alisema. "Ningeyaamini masikio, leo ningezika."

Wageni walikula mboga ya mlenda.

Vijana wa leo ni wepesi kuliko sisi. Habari ikiingia kwenye simu kwamba fulani ni mwizi, Fiston ameshairusha kwa watu kabla chai haijapoa. Nikimuuliza nani ameona, hujibu: "Eish, mama, kila mtu iko anasema." Basi namsimulia tena habari za nyasi na kitambaa, polepole, naye husikiliza; ni mtoto mwema, atajifunza. Zamani bunduki ilikuwa moja kijiji kizima, na mwenye nayo aliiogopa.

Kabula sasa ana wajukuu wanne. Kanga wa Queensburgh wakinikumbusha, nampigia simu Tabora. Hasemi haloo. Ananiitia ile sauti, mara mbili, ya pili ikipanda.